Mkopo wa tajiri, mkopo wa benki, kuuza au kujichanga: klabu iliyokwama ishike njia ipi?

Nyuma yangu jukwaani walikaa jamaa wawili, jezi moja, wakibishana tangu kipindi cha pili kianze. Mmoja alisema timu inakufa kwa sababu ya mikopo. Mwenzake akamjibu kwamba bila mikopo tungekuwa tumeshuka daraja zamani. Wakaendelea hivyo mpaka dakika ya themanini na kitu, tuko nyuma mabao matatu, ndipo ikajulikana kwamba wa kwanza anasema madeni ya klabu na wa pili anamsema straika tuliyeazimwa hadi mwisho wa msimu. Neno moja, mambo mawili. Ila nilipokuwa natoka uwanjani nikaona hawakuwa mbali kama walivyodhani. Wote wawili walikuwa wanaisema klabu inayoishi kwa vitu visivyo vyake.

Haya ni kwa shabiki au mwanachama aliyekwama katikati ya ubishi kama ule: kasha limekauka, viongozi wanasema kuna njia kadhaa, na wewe unatakiwa uunge mkono mojawapo kwenye mkutano, au angalau ujue unazomea nini. Njia ninazolinganisha ni tano. Tajiri mwenye timu akopeshe. Klabu ikope nje. Iuze ilicho nacho. Mashabiki wajichange. Au iache kununua wachezaji na kuazima.

Kwanza jua ugonjwa

Kuna klabu yenye pengo la muda na kuna klabu yenye tundu kwenye ndoo. Kwa macho zinafanana, maana zote mishahara inachelewa.

Tuseme klabu inaingiza 100 kwa mwaka, weka sarafu unayoitaka. Mishahara ya wachezaji na benchi la ufundi ni 60, gharama nyingine 35. Hiyo ni klabu nzima. Lakini pesa za tiketi za msimu huingia kwa mkupuo kabla ligi haijaanza, za haki za matangazo huja kwa mafungu, na mshahara haungoji fungu. Miezi miwili kabla ya fungu lijalo kasha linaweza kuwa tupu kabisa, na bado klabu haina ugonjwa. Ina njaa ya mwisho wa mwezi.

Klabu ya pili inaingiza 100 hiyo hiyo, inalipa mishahara 85, na gharama nyingine ni zile zile 35. Kila mwaka inakosa 20. Hiyo ukiikopesha 20 leo, mwakani itakosa 20 nyingine pamoja na riba ya zile za kwanza. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, kwa klabu zinazocheza mashindano yake, imeweka kikomo: tangu 2025 mishahara ya wachezaji na makocha, gharama za usajili na malipo ya mawakala kwa pamoja visizidi asilimia 70 ya mapato. Hata kama timu yenu haitakanyaga Ulaya milele, kipimo hicho kinatosha kumuuliza mweka hazina swali moja: sisi tuko asilimia ngapi? Akikwepa, jibu umelipata.

Ndiyo maana nakereka mtu anapouliza "tukope au tusikope?" kabla ya kusema anaiongelea klabu ipi kati ya hizo mbili.

Vipimo

Kila njia nitaipima kwa maswali yale yale. Pesa inafika haraka kiasi gani? Inagharimu nini? Nini kimewekwa dhamana? Nani anashika usukani baada ya hapo? Na timu ikishuka daraja, inakuwaje? Hilo la mwisho ndilo ninalolipa uzito kuliko mengine, kwa sababu karibu kila mpango wa fedha wa klabu ni dau juu ya msimamo wa ligi, hata pale ambapo karatasi yake haina neno "ligi" popote.

1. Mkopo wa mwenye timu

Kwa kasi hakuna wa kuufikia. Hakuna kamati ya mikopo wala mthamini wa uwanja. Tajiri anampigia mhasibu wake simu na Ijumaa mishahara iko kwenye akaunti.

Kwa gharama nao mara nyingi ni rahisi kuliko yote, maana wengi hawatozi riba. Tony Bloom ameikopesha Brighton mamia ya mamilioni ya pauni bila riba, na klabu ikapanda hadi Ligi Kuu ya Uingereza na kubaki huko. Roman Abramovich aliiachia Chelsea deni la takriban pauni bilioni 1.5, akalifuta klabu ilipouzwa mwaka 2022. Shabiki anayesema "tajiri wetu hatatudai" ana mifano ya kushika mkononi.

Dhamana ndipo pa kufungua macho. Mkopo wa mwenye timu mara nyingi hauna dhamana, lakini si mara zote. Wapo wanaojiandikisha kama wadai wenye haki ya kwanza juu ya uwanja, ili siku ya ufilisi wao ndio wawe mbele ya foleni, mbele ya mpishi na mfua jezi. Katika hesabu za klabu jambo hilo huwa ni mstari mmoja au miwili. Utafute.

Usukani unabaki kwake, bila kuzunguka. Anachagua kocha, anachagua mkurugenzi wa michezo, na siku akitaka rangi ya jezi ibadilike, mtamjua vizuri.

Timu ikishuka? Inategemea moyo wake na afya yake. Bolton ilishuka kutoka Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2012 huku ikibebwa na Eddie Davies, shabiki wa kweli wa timu ile. Klabu ilipouzwa mwaka 2016 alisamehe sehemu kubwa ya deni lililopita pauni milioni 170. Hakuna anayeweza kumlaumu kwa uchoyo. Na bado mwaka 2019 Bolton ilikuwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi ikianza msimu na pointi 12 pungufu. Deni lilifutika, lakini klabu ilikuwa imezoea kula chakula ambacho haikuwa na uwezo wa kukipika yenyewe. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, wahenga hawakuwa wanaongelea mpira lakini wangeweza.

Njia hii inafaa klabu yenye mmiliki aliyekwisha kuonekana akilipa katika misimu mibaya, na hasa pale anapokubali deni ligeuzwe kuwa hisa. Everton ilipopata mmiliki mpya Desemba 2024, mikopo ya mwenye hisa aliyetangulia iligeuzwa hivyo. Tofauti yake ni kubwa: mkopo unaweza kudaiwa kesho asubuhi, hisa haidaiwi. Tajiri anayesema "hii timu ni yangu hadi kaburini" lakini hataki kugeuza hata senti iwe hisa, mimi namsikiliza kwa sikio moja.

2. Mkopo wa nje

Benki za kawaida hazipendi sana klabu za mpira. Mteja anayeweza kupoteza nusu ya mapato yake kwa sababu mwamuzi hakuiona penalti si mteja wa kumlaza usingizi meneja wa tawi. Kwa hiyo klabu iliyokwama huishia kwa wakopeshaji maalumu, na hao wanajua umekwama. Pesa hufika ndani ya wiki kadhaa, riba huwa kali, na masharti huwa marefu kuliko katiba ya klabu.

Lakini kuutupa mkopo wa nje kwa jina tu si haki, kwa sababu kuna mikopo mitatu ndani ya neno hilo.

Upo unaotangulizwa juu ya pesa iliyokwisha kupatikana. Mmemuuza kiungo wenu, mnunuzi atalipa kwa mafungu matatu ya kila mwaka, na mkopeshaji anawapa leo fedha ya mafungu yajayo akijikatia chake. Huo kwa klabu yenye pengo la muda ni dawa halali. Anayedaiwa hasa ni klabu iliyonunua, wala hakuna kushuka daraja kunakoweza kulifuta fungu hilo.

Upo wa kujenga kitu kinachozaa. Arsenal walihamia uwanja mpya mwaka 2006 wakiwa na madeni mazito ya ujenzi. Wakauza nyota wao mmoja baada ya mwingine, wakakaa miaka bila kombe, mashabiki wakachoka hadi kuandamana. Lakini viti zaidi ya elfu ishirini vilivyoongezeka vilikuwa vikilipa kila siku ya mechi. Uchungu ule ulikuwa na kazi.

Na upo wa kula kesho. Leeds United mwaka 2001, mwaka ule ule waliofika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, walikopa pauni milioni 60 dhidi ya mapato ya tiketi ya miaka 25 iliyokuwa mbele. Soma tena: miaka 25. Mtoto aliyezaliwa siku mkataba unasainiwa angekuja kulipia kiti ambacho pesa yake ilikwisha kulipwa winga akiwa tumboni mwa mama. Mpango wote ulitaka timu iendelee kufuzu Ulaya. Haikufuzu Ligi ya Mabingwa. Rio Ferdinand akauzwa 2002, wengine wakafuata, 2004 wakashuka, mwaka huo huo uwanja wa Elland Road ukauzwa, na 2007 walikuwa daraja la tatu. Ligi Kuu waliiona tena 2020. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Rangers ya Scotland ni mfano wa karibu na huo, ila mkali zaidi. Mwaka 2011 iliuzwa kwa pauni 1 kwa mtu aliyepata fedha za kulipia deni la benki kwa kuuza tiketi za msimu za miaka ya mbele. Februari 2012 klabu ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, na msimu uliofuata ilikuwa inacheza daraja la nne.

Usukani? Hapa watu hukosea wakisema benki haiingilii mpira. Haichagui kocha, ni kweli. Lakini mkataba wa mkopo unaweza kusema huwezi kusajili bila ruhusa, huwezi kukopa kwingine, na mauzo ya mchezaji yeyote yaanze kulipa deni. Kocha anaambiwa "hakuna fedha" na hajui kwamba fedha ipo, ila ina mwenyewe. Timu ikishuka, riba haishuki nayo.

Inayofaa njia hii ni klabu ya kwanza katika ule mfano wangu, yenye mapato ya uhakika na pengo fupi, au inayojenga. Klabu ya ndoo iliyotoboka ikae mbali nayo, labda kama mishahara inapunguzwa kwa wakati huo huo na kwa maandishi.

3. Kuuza

Wachezaji, uwanja, au mapato ya baadaye. Kasi inategemea kalenda: mchezaji huuzwa dirisha la usajili likiwa wazi, na mnunuzi akijua una shida anangoja saa za mwisho.

Gharama ya kuuza haionekani kwenye riba, inaonekana kwenye bei. Januari 2003 Leeds hao hao walimuuza Robbie Fowler kwenda Manchester City na wakaendelea kulipia sehemu ya mshahara wake. Umemuuza mtu na bado unamlisha. Linganisha na Ajax waliofika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa 2019, na mwaka huo huo wakavuna takriban euro milioni 75 kwa Frenkie de Jong na karibu hivyo hivyo kwa Matthijs de Ligt. Ajax hawakuwa na haraka, na mauzo kwao ni mpango wa kila mwaka, si ambulansi.

Kuuza mchezaji hakuwekei mtu dhamana yoyote na hakumpi mgeni usukani. Katika vipimo hivyo viwili ndiyo njia safi kuliko zote. Tatizo lake liko uwanjani: unamuuza anayefunga, ndipo unashuka. Kila klabu iliyobanwa inajikuta inauza wazuri na kubaki na wenye mishahara mikubwa ambao hakuna anayewataka.

Kuuza uwanja ni habari nyingine, nami sifichi upande wangu: ni njia ya mwisho kabisa. Derby County waliuza uwanja wao kwa kampuni ya mmiliki wao mwenyewe mwaka 2018 kwa takriban pauni milioni 81, hesabu za mwaka zikapendeza. Septemba 2021 walikuwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, na msimu huo walikatwa pointi 21 na kushuka. Uwanja ukiwa nje ya klabu, kila mnunuzi anayekuja inabidi ajadiliane na pande mbili, na wengi huishia mlangoni.

Katikati kuna kuuza mapato ya kesho, kama Barcelona walivyofanya mwaka 2022 walipouza asilimia 25 ya mapato yao ya matangazo ya La Liga kwa miaka 25, wakianza na asilimia 10 kwa euro milioni 207.5. Msimu uliofuata walichukua ubingwa. Wenye kuupenda mpango huo wana hoja: haikuwa mkopo, hauna riba, na kama mapato yangeporomoka, mwekezaji naye angeumia. Wasioupenda wanasema tu kwamba hadi mwaka 2047 kuna robo ambayo si yao. Zote mbili ni kweli. Barcelona ina mapato ya kuumeza mpango huo. Klabu ndogo ikiukata mkate wake robo inabaki na njaa.

Kuuza kunafaa klabu yenye akademi inayotoa vijana, na yenye ujasiri wa kuuza mwaka mmoja mapema kuliko mwaka mmoja baadaye.

4. Mashabiki kujichanga

Nianze na ubaya wake: ni njia ya polepole kuliko zote. Mishahara ya Ijumaa hailipwi kwa michango ya mashabiki, na anayesema italipwa hajawahi kukusanya michango.

Lakini kwa gharama na usukani haina mfano. Exeter City ilichukuliwa na chama cha mashabiki wake mwaka 2003, ikiwa na madeni na imetoka kushuka nje ya madaraja manne ya juu ya Uingereza. Januari 2005 ikapangwa na Manchester United kwenye Kombe la FA, ikatoka sare ya 0-0 Old Trafford, ikarudiana nyumbani na kufungwa 2-0. Mgao wa viingilio vya mechi hizo mbili uliwasaidia kumaliza madeni. Bahati, ndiyo. Ila kuna wamiliki wengi ambao bahati ile ingegeuka kuwa straika wa umri wa miaka 33. Mashabiki walilipa deni.

Wimbledon walikwenda njia nyingine inayonivutia zaidi. AFC Wimbledon, klabu iliyoanzishwa na mashabiki mwaka 2002, ilipokosa fedha za kukamilisha uwanja wake iliwauzia mashabiki hati fungani (karatasi za kuikopesha klabu) mapema mwaka 2020 na ikapata zaidi ya pauni milioni 5, kwa riba isiyozidi asilimia 4. Novemba mwaka huo walicheza kwenye uwanja mpya. Huo nao ni mkopo, lakini mdai amekaa jukwaani amevaa skafu, na hana hamu ya kuifilisi timu yake.

Sasa upande wa pili. Portsmouth walibeba Kombe la FA 2008, wakawa klabu ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza kuwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi Februari 2010, na kufikia 2013 walikuwa wanaelekea daraja la nne. Mashabiki waliinunua mwaka huo, wakaiondolea madeni, wakapanda daraja kama mabingwa 2017. Kisha mwaka huo huo wakapiga kura na kumuuzia tajiri wa Marekani, Michael Eisner. Hawakushindwa. Waliuangalia uwanja wao mkongwe uliohitaji matengenezo ya mamilioni, wakajipima mifuko, wakaamua. Mashabiki wanaweza kuiokoa klabu isife. Kuipandisha hadi juu kabisa ni habari ya fedha nyingine. Ujerumani wametafuta katikati kwa kanuni ya 50+1, ambapo wanachama hubaki na wingi wa kura hata mwekezaji akileta fedha.

Dhamana hakuna, zaidi ya uvumilivu wa watu. Na timu ikishuka, hii ndiyo njia inayotikisika kidogo kuliko zote, kwa kuwa aliyejichanga hakuja kwa sababu ya daraja.

5. Wachezaji wa mkopo

Turudi kwa yule jamaa wa pili na straika wake. Hoja yake si ya kupuuza: mchezaji wa mkopo anafika ndani ya siku mbili, ada yake ni ndogo au hakuna, mshahara mnagawana na klabu yake, na msimu ukiisha mnaachana bila talaka. Watford msimu wa 2012/13 walikuwa na zaidi ya wachezaji kumi wa mkopo, wengi kutoka Udinese, klabu iliyokuwa ya familia ile ile iliyoimiliki Watford. Mmoja wao, Matěj Vydra, alifunga mabao 20 ya ligi. Walifika fainali ya mchujo wa kupanda Ligi Kuu wakafungwa na Crystal Palace 1-0 katika muda wa nyongeza.

Lakini nguo ya kuazima haisitiri matako. Akicheza vizuri, thamani yake inapanda kwa mwenyewe, si kwenu. Nyinyi mmemlea mtoto wa jirani. Akicheza vibaya, hayo ni matatizo yenu ya msimu. Na Juni inapofika kikosi kinabaki mifupa, mnaanza upya kutafuta wa kuwaazima, huku wakala akijua mna haraka.

FIFA nayo imebana. Tangu Julai 2024 klabu hairuhusiwi kuwa na zaidi ya wachezaji sita wa mkopo kutoka nje ya nchi kwa wakati mmoja, wala zaidi ya watatu kutoka klabu moja, ingawa vijana wa miaka 21 kushuka chini waliolelewa na klabu yao hawahesabiwi. Mkopo hauzidi mwaka mmoja bila kuandikwa upya.

La kuangalia hasa ni kipengele cha lazima ya kununua. Kylian Mbappé alitoka Monaco kwenda Paris Saint-Germain mwaka 2017 akiitwa mchezaji wa mkopo, na ada iliyotajwa kuwa euro milioni 180 ikasogezwa mwaka uliofuata. PSG waliweza. Klabu iliyokwama ikisaini "mkopo" wa namna hiyo kwa sharti kwamba timu ikibaki kwenye ligi mchezaji atanunuliwa, imekopa fedha. Imeiita jina jingine tu. Pale ndipo jamaa zangu wawili walikuwa wanaongelea kitu kimoja bila kujua.

Kwa vipimo vyetu: kasi nzuri, bei nafuu mwanzoni, dhamana hakuna, usukani unabaki kwenu nusu (mwenye mchezaji anaweza kuwa na haki ya kumrudisha Januari), na mkishuka wanaondoka siku hiyo hiyo, jambo ambalo kwa mweka hazina ni afueni na kwa kocha ni msiba. Inafaa klabu inayotaka mtu mmoja au wawili wa kuziba nafasi maalumu. Sita wakianza mechi moja, hamna timu, mna abiria.

Waliochanganya

Borussia Dortmund hawakuchagua njia moja. Waliingia soko la hisa mwaka 2000, wakatwaa ubingwa 2002 kwa matumizi makubwa, wakakosa kufuzu Ligi ya Mabingwa 2003, na kasha likapasuka. Wakati fulani mwaka 2004 hata Bayern Munich waliwakopesha euro milioni 2. Machi 14, 2005, uwanja wa ndege wa Düsseldorf, wawekezaji wa mfuko uliokuwa unamiliki uwanja wa Dortmund walipiga kura kukubali mpango wa kuahirisha malipo. Wangekataa, klabu ingefilisika. Baada ya hapo jina la uwanja likauzwa kwa kampuni ya bima, mishahara ikapunguzwa, uwanja ukanunuliwa tena kwa mkopo mpya mwaka 2006, na timu ikajengwa kwa vijana. Ubingwa ukarudi 2011 na 2012.

Walikopa, waliuza, waliomba. Kilichowatofautisha na Leeds ni kwamba mikopo ya baada ya 2005 ilikuja pamoja na mishahara midogo. Leeds walikopa na mishahara ikapanda.

Kwa hali yako

Kama klabu yenu ni nzima na shida ni fungu lililochelewa, unga mkono mkopo mfupi wa nje dhidi ya fedha ya uhamisho iliyokwisha kuandikwa, au mkopo wa mwenye timu wa miezi michache. Kelele za "tusikope hata senti" hapo zitawagharimu beki aliyeondoka bure kwa sababu ya kutolipwa.

Kama mnakosa kila mwaka, na tajiri yupo na amewahi kulipa, dai mambo mawili kabla ya kupiga makofi: deni ligeuzwe hisa, na dari ya mishahara iandikwe. Akikubali la kwanza akakataa la pili, mmenunua muda tu, nao si mbaya mradi mjue ni muda mlioununua.

Kama mnakosa kila mwaka na tajiri hayupo, ama amechoka, uzeni mapema, wachezaji kwanza, na uwanja msiuguse. Kuazima wawili watatu wa kujaza mapengo hapo kuna maana. Mkopo wa dhamana ya tiketi za misimu ijayo ukiletwa mezani, pigeni kura ya hapana.

Kama mmeshashuka au mnaelekea kushuka bila shaka, na wadai wako mlangoni, anzeni chama cha mashabiki sasa, kabla msimamizi wa ufilisi hajateuliwa. Portsmouth na Exeter hawakuanza kujipanga siku ya mnada. Mtahitaji akaunti, wanasheria wa kujitolea na orodha ya majina, na hivyo haviokotwi kwa wiki moja.

Kama mnapigania kupanda daraja na mtu analeta mpango wa "tukipanda tutalipa", mwombe ukurasa unaosema msipopanda italipwa na nini. Wengine wataleta ukurasa huo, na wakiuleta msome kwa haki, kwa sababu kuna dau linalostahili kuchezwa. Wengine watakuambia huna mapenzi na timu.

Na kama huna kura wala hisa, una jezi tu, hesabu za klabu zilizokaguliwa katika nchi nyingi huwekwa wazi. Usianze na faida na hasara. Nenda moja kwa moja kwenye ripoti ya mkaguzi, utafute kama ametaja mashaka juu ya uwezo wa klabu kuendelea na shughuli zake. Kisha nenda nyuma kabisa, kwenye matukio yaliyotokea baada ya mwaka wa hesabu kufungwa. Mikopo ya haraka mara nyingi hujificha humo, na nilipoifungua ya timu yangu usiku ule baada ya mabao matatu, nilimkuta humo hadi straika wa mkopo, na tarehe ambayo tutalazimika kumlipia.